Hadhi Yako ya Ndege Inaisha Mwezi Ujao? Usikimbilie PIN Kwanza

Juzi shangazi yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Sauti ilikuwa ya mtu aliyepoteza kitu. “Wewe si unafanya kazi kwa hiyo kampuni ya malipo? Niambie, naweza kulipa tiketi mbili za Kigali kwa simu usiku huu?”

Nikamuuliza anaenda kufanya nini Kigali. Akasema hakuna. Anaenda, anarudi, halafu anaenda tena.

Shangazi huuza mikoba na viatu vya wanawake, na mzigo wake hutoka Guangzhou. Kwa mwaka huenda mara 4. Miaka mitatu sasa amekuwa Silver kwenye Flying Blue, mpango wa uaminifu wa Air France na KLM, na kwake Silver si jambo la kujionyesha. Ni begi moja la ziada bila malipo, na foleni fupi pale kaunta ya JKIA. Ukiwa mfanyabiashara, hilo begi ndilo faida yako ya safari. Sasa barua pepe ilikuwa imemwambia pointi hazijatosha na zimebaki wiki chache.

Wengi wetu tumezoea pointi za kununua vitu: za laini ya simu, za supamaketi. Unakusanya, unatumia, zinaisha. Za ndege ziko mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kuna maili, ambazo ni kama pesa, unanunulia tiketi. Halafu kuna pointi za hadhi, ambazo hazinunui chochote. Kazi yake ni kuamua kama wewe ni mgeni wa kawaida au wa heshima. Flying Blue huziita XP. Emirates huziita Tier Miles, na kwao unahitaji 25,000 kupata Silver na 50,000 kupata Gold. Unaweza kuwa na maili za kutosha kwenda Dubai bure na bado ushushwe ngazi mwaka huo huo. Shangazi alikuwa na maili tele. Hazikumsaidia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tangu 2018 Flying Blue hutaka XP 100 kwa Silver, 180 kwa Gold na 300 kwa Platinum, ndani ya miezi 12. Kwa tiketi ya kawaida, ndege ya ndani ya nchi huleta XP 2. Ya kimataifa isiyozidi maili 2,000, kama Nairobi hadi Kigali au Johannesburg, huleta 5. Nairobi hadi Paris au Amsterdam ni 10. Guangzhou, kwa kuwa ni zaidi ya maili 5,000, ni 12. Ukikaa bizinesi unazidisha mara tatu. Na kila ndege unayopanda huhesabiwa peke yake, kwa hivyo mtu anayetoka Kisumu kupitia Nairobi hadi Kigali na kurudi anapata 2, 5, 5 na 2, jumla 14, wakati aliyeanzia Nairobi anapata 10 tu.

Sasa fanya hesabu ya shangazi. Safari 4 za Guangzhou, kwenda na kurudi, ni XP 96. Ongeza ile ya Mombasa aliyoenda kwa harusi, 4. Jumla 100 kamili! Mbona basi akaunti ilisema 76?

Tulikaa na simu yake tukapitia safari moja moja. Safari ya Aprili haikuwepo kabisa. Kumbe ile tiketi alikatiwa na wakala wa mtaani, na wakala hakuweka nambari ya uanachama. Shirika halikujua ni yeye. XP 24 zikapotea hivyo tu, na yeye alikuwa karibu kulipia tiketi mbili kufidia kosa la fomu.

Flying Blue hukupa miezi 6 kudai safari ambayo haikuhesabiwa. Sisi tulikuwa kwenye mwezi wa tano. Unahitaji nambari ya tiketi na kadi ya kupandia ndege, na hapa, samahani shangazi, alikuwa ameitupa ya kurudi. Ya kwenda ilikuwa bado kwenye mkoba. Tukadai zote mbili, ya kwenda ikakubaliwa, ya kurudi haikukubaliwa. Akafika 88.

Zimebaki 12. Watu wengi wakifika hapa huona aibu kuachilia, manake wamekaribia sana. Mimi nilimwambia tuweke pesa mezani kwanza. Safari zake 4 humpa mabegi 4 ya ziada wakati wa kurudi. Angalia bei ya begi la ziada kwenye tovuti ya shirika lako, ukilipia mapema, kwa sababu uwanjani huwa ghali zaidi. Zidisha kwa 4. Kisha weka kando ya hiyo bei ya tiketi za kutafuta hizo 12, pamoja na siku za duka kufungwa. Na chunguza herufi ya daraja la tiketi, kwa sababu baadhi ya tiketi za bei ya chini kabisa kwenye mashirika washirika hazileti pointi. Inauma kuruka bure na kurudi na sifuri.

Pia jiulize unaruka na nani. Kwa miaka mingi Kenya Airways ilitumia Flying Blue, lakini sasa ina mpango wake, Asante Rewards. Safari moja huingia kwenye mpango mmoja tu, huwezi kuila mara mbili. Ukigawanya safari zako 4 kwa mipango miwili, unaweza kumaliza mwaka bila hadhi popote.

Na usidhani masharti yatabaki hivyo. Septemba 2023, Delta ya Marekani ilitangaza kwamba kuanzia 2024 hadhi itapimwa kwa dola ulizotumia peke yake, na ngazi ya juu, Diamond, ikapandishwa hadi dola 35,000. Wateja walipiga kelele, mkurugenzi Ed Bastian akakubali kwamba wamezidisha, na mwezi uliofuata ikashushwa hadi 28,000. Dola bado ndizo zinazohesabiwa.

Ukiamua kulipa, basi lipa vizuri. Kabla ya kuweka PIN, fungua ile nafasi uliyoshikiwa uone jina lako na nambari ya uanachama. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la shirika au la wakala unayemjua, si la mtu binafsi. Kumbuka muamala mmoja wa M-PESA hauzidi KSh 250,000, na nafasi ya tiketi ina saa yake ya kuisha, kwa hivyo familia ya watu watano msingoje dakika ya mwisho. Na akikupigia mtu ati “hadhi yako inaisha leo, tuma pesa kwa nambari hii tuirefushe”, kata simu. Ingia kwenye akaunti yako mwenyewe uone.

Shangazi hakwenda Kigali. Alipiga hesabu akaona mabegi 4 ya kulipia ni nafuu, akanuna kidogo kwa ajili ya ile foleni fupi, akalala. Wiki jana alikata tiketi ya Guangzhou kwa wakala yule yule. Nambari ya uanachama alikuwa ameiandika kwa kalamu nyuma ya kava ya simu, na alisimama hapo kaunta hadi akaiona kwenye skrini ndipo akalipa.