Kijana Anayekunywa Bila Kuyumba

Kijana wa miaka 15 akinywa asiyumbe, wenzake humsifu: huyu pombe anaiweza. Sifa hiyo ni ya hatari. Usingizi na miguu kulegea ndivyo humwambia mtu mzima kwamba sasa basi, na kwa kijana huchelewa kuja. Kumbukumbu haisubiri.

Kwa kuwa hakuna mtafiti anayeruhusiwa kumnywesha mtoto pombe, mengi tunayoyajua yametoka kwa panya. Panya aliye katika balehe akipewa kiasi kilekile alichopewa mzima, bado anazunguka wakati mzima ameshalala. Lakini akitiwa ndani ya birika ajifunze mahali kilipo kijukwaa kilichofichwa chini ya maji, ndiye anayeshindwa, hata kwa kipimo kidogo ambacho panya mzima hakimsumbui. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, imeshapigwa.

Zaidi ya hayo, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayomzuia mtu na kumfanya apime matokeo, haikomai hadi miaka ya ishirini na kitu. Mfumo wa dopamini, unaomsukuma kutafuta raha, huwa umeshapamba moto, hasa akiwa na marafiki.

Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe. Walioanza wakiwa na 20 au zaidi, kama asilimia 10. Si pombe peke yake, maana urithi na shida za nyumbani pia humsukuma mtoto kuanza mapema. Hata hivyo, kila mwaka anaocheleweshwa una thamani.

Ndiyo maana naiunga mkono hatua ya Tanzania ya Machi 2017 kupiga marufuku viroba, yaani pombe kali iliyofungwa kwenye vipakiti vidogo. Kiroba kilitosha kwenye mfuko wa sare ya shule.

Ila marufuku peke yake haitoshi. Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliotangulia; kufikia 2016, asilimia 5. Nchi hiyo ilizuia watoto kuzurura usiku, wazazi wakapeana zamu za kutembea mitaani, na halmashauri zikachangia ada za michezo na muziki. Hapa kwetu viwanja vya wazi vinavamiwa na kujengwa, na mtoto akitoka shule hana pa kwenda.