MTOTO ANAJUA AKISHIBA

Wengi wetu tulikimbia vita vya Uvira mwezi wa Desemba 2025, tukafika huku Rumonge mikono mitupu. Mzazi aliyelala njaa na watoto wake njiani hawezi kufurahi akiona uji unabaki kwenye sahani. Ndiyo maana tukipita mahemani tunakuta mtoto amebanwa, amezibwa pua, ananyweshwa uji kwa nguvu.

Mama, hatukulaumu. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mdogo wangu. Uji uliingia njia ya hewa, akapaliwa hadi tukaogopa. Tangu siku ile, akiona kijiko tu alikuwa analia.

Kwa nini anakataa?
Tumbo lake ni dogo. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 huanza na vijiko 2 au 3, na polepole hufika nusu kikombe kwa mlo. Anahitaji kidogo kidogo, mara nyingi.

Utajuaje?
Mwenye njaa hufungua mdomo, hufuata kijiko kwa macho, hunyonya vidole. Usingoje alie, kilio huja mwishoni. Aliyeshiba hufunga mdomo, hugeuza kichwa, husukuma kijiko au husinzia.

Kazi ya nani?
Kazi yako ni kuchagua chakula na saa ya kula. Kazi yake ni kujua kiasi.
- Kabla ya miezi 6: maziwa ya mama tu, kila anapotaka, usiku na mchana.
- Miezi 6 hadi 8: milo 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9: milo 3 au 4. Endelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.
- Uji uwe mzito. Tia mawese kidogo au ndagala zilizosagwa, ili hicho kidogo anachokula kimjenge.
- Mpe sahani yake. Kwenye sahani ya wote, wakubwa humaliza yeye akiwa bado anatafuna.
- Akikataa, ngoja kidogo, mjaribu tena kwa upole. Akikataa tena, acha. Kilichobaki apewe mwingine palepale, kisilale.

Angalia sana!
Mtoto aliyeshiba hucheza, na baadaye hutaka tena. Mtoto anayekataa kila kitu, hata titi, hakushiba: ni mgonjwa. Hata waganga hutumia hamu ya kula kama kipimo. Mtoto aliyekonda sana hupewa pakiti ya karanga, Plumpy'Nut, mbele yao. Akiila vizuri na hana ugonjwa mwingine, hutibiwa akiwa nyumbani. Akiikataa, hulazwa.

Kwa hiyo mpeleke kituo cha afya leo hii, usingoje kesho, kama:
- hawezi kula wala kunyonya;
- anatapika kila kitu;
- ana degedege, au haamki vizuri;
- miguu yote miwili imevimba;
- kamba ya kupimia mkono inaonyesha rangi nyekundu (chini ya sentimita 11.5).

Ukiwa na shaka, tuite tukija kupima watoto. Kupima mkono hakuchukui hata dakika tano.