Kuziba Paneli za Sola za Kujitengenezea

Umri wa paneli ya sola hutegemea jinsi ilivyozibwa. Seli zikikaa pakavu hutoa umeme kwa zaidi ya miaka 20. Kinachoziua mapema ni maji. Hatari hiyo ni kubwa katika kaunti za Homa Bay na Migori, hasa Mbita, Kendu Bay, Karungu na Muhuru Bay, ambako hewa ya Ziwa Victoria ina unyevu mwingi na mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei.

Seli moja ina unene wa takriban milimita 0.2 na hutoa volti 0.5 hivi. Seli 36 zikiungwa mfululizo hutosha kuchaji betri ya volti 12. Lakini katika mfululizo huo, kiungo kimoja tu kikiliwa na kutu, paneli nzima hudhoofika.

Unyevu huingia kwa joto na baridi kupokezana. Mchana, juu ya paa la bati, paneli hufikia nyuzi 60 za selsiasi au zaidi, na hewa iliyofungiwa ndani hutanuka na kutoka kupitia tundu lolote. Usiku paneli ikipoa, hewa ya ziwani huvutwa ndani kupitia tundu lilo hilo, mithili ya kifua kinachopumua. Mvuke hugeuka matone chini ya kioo na kuanza kula viungo. Kwa hiyo fundi ana kazi mbili: kuondoa hewa inayozunguka seli, na kufunga kingo.

Viwandani, kama kile cha Naivasha kilichofunguliwa mwaka 2011, seli huwekwa kati ya karatasi mbili za plastiki ya EVA, kisha hewa hufyonzwa na plastiki kuyeyushwa kwa joto la nyuzi 140 hadi 150. Nyumbani hakuna mashine ya kufyonza hewa, na EVA iliyopashwa bila mashine hiyo hubaki na mapovu. Kinachofaa zaidi ni silikoni angavu ya kuchanganywa sehemu mbili. Humiminwa taratibu kuanzia upande mmoja ili isukume hewa mbele yake, kisha huachwa ikauke. Hubaki laini, na ulaini huo ni muhimu, kwa sababu kioo hutanuka zaidi kwa joto kuliko seli. Resini ngumu za kutengenezea mitumbwi hazifai: hugeuka njano juani, na ugumu wake hupasua seli.

Kabla ya kumimina, mabaki ya dawa ya kulehemu hufutwa kwa spiriti, kwani huvuta unyevu na kuleta kutu. Seli hukaushwa juani, na kazi hufanywa adhuhuri ya siku kavu, si jioni.

Kingo hutaka uangalifu wa pekee. Seli ziache nafasi ya angalau milimita 15 kutoka ukingo wa kioo, na nafasi hiyo ijazwe silikoni ya kuzibia bila kuacha pengo. Silikoni hiyo huchaguliwa kwa pua: inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayokula shaba na lehemu, kwa hiyo isitumike karibu na waya. Fremu iwe ya alumini. Mbao na plaiwudi hunywa maji, huvimba na kuliwa na mchwa, na plaiwudi iliyowekwa nyuma ya seli hutoa mvuke wake yenyewe inapopata joto. Fremu itobolewe upande wa chini ili maji yasituame, na waya utokee chini, ukipinda kabla ya kupanda, ili matone yadondoke badala ya kuufuata hadi ndani.

Paneli hufungwa ikiinama nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, na iachwe sentimita 10 juu ya bati ili hewa ipite.

Kila masika yakiisha, paneli hukaguliwa. Ukungu chini ya kioo, mistari ya kahawia kando ya viungo, au volti inayoshuka adhuhuri yenye jua kali ni dalili kwamba maji yameingia. Ukingo ulioachia hufunguliwa, hukaushwa kwa siku kadhaa za jua na kuzibwa upya. Seli zilizokwisha kuoza viungo hazirudi, hizo hubadilishwa.