Mzazi, cheza kwanza ndipo uhukumu

Ungefanya nini ukifungua simu Jumatatu asubuhi na kupata kwamba shilingi 3,400 ulizoweka kando kwa ajili ya karo zimetoweka?

Mimi nilipiga kelele. Baada ya kuulizana huku na kule, mwanangu wa miaka 13 aliinamisha kichwa na kukiri. Alikuwa ameijua namba yangu ya siri, na pesa zile alizimaliza katika mchezo mmoja wa simu kwa muda wa siku mbili.

“Mama, sikujua ni pesa nyingi hivyo,” alisema. “Pale kwenye gemu zinaitwa vito.”

Babake aliapa kuuza kila chombo cha kuchezea nyumbani, ikiwemo mashine ya PlayStation ambayo kijana aliletewa na mjombake. Nami niliunga mkono. Hata hivyo, jibu lile la vito lilinikaa moyoni. Ningehukumuje kitu ambacho sikuwa nimewahi kukishika?

Basi likizo ya Agosti ilipofika niliketi sakafuni kando yake, tukacheza michezo minne ya aina mbalimbali. Haya ndiyo maoni yangu. Wewe pima mwenyewe.

Tulianza na ule ninaoujua. Kama ulisoma katika miaka ya tisini, bila shaka unakumbuka kile kidude cha plastiki kilichopitishwa chini ya madawati, vipande vikishuka nawe ukivipanga. Mchezo huo, Tetris, ulibuniwa jijini Moscow mwaka wa 1984 na Alexey Pajitnov. Una maumbo saba tu, kila moja la miraba minne. Hauna damu wala matusi, na ule wa zamani haukuombi hata senti moja.

Nilimshinda mara mbili, akacheka. Kisha akanifunza jambo. Kwa zaidi ya miaka 30, wengi waliamini kwamba hakuna binadamu awezaye kufika mwisho wa toleo la Nintendo la 1989. Lakini Desemba 2023, kijana mmoja wa Marekani alilicheza mpaka likakwama. Umri wake? Miaka 13. “Rika langu, Mama,” akasema kwa fahari.

Wa pili ulikuwa wa kandanda, EA Sports FC, ambao ulijulikana kama FIFA tangu 1993 hadi jina lilipobadilishwa mwaka wa 2023. Huu ndio unaojaza vijana kwenye vibanda vya mtaani kwetu. Kusema kweli, niliupenda. Mechi ni fupi, ina mwanzo na mwisho, hivyo mzazi anaweza kusema, “Mechi mbili, kisha vitabu.”

Lakini kuna sehemu ambapo mchezaji hununua pakiti bila kujua ndani mna nani. Anaweza kupata nyota, anaweza kupata asiyemtaka. Mnamo 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba mauzo ya aina hiyo katika michezo kadhaa, ukiwemo FIFA 18, ni kamari. Mwaka uliofuata kampuni ya EA iliacha kuuza sarafu za kununulia pakiti hizo huko Ubelgiji. Ikiwa wakubwa wa Ulaya walishtuka, sembuse mimi na karo yangu?

Wa tatu ulinichefua. Mortal Kombat ni mchezo wa kupigana uliotokea 1992, na damu yake ilizua mjadala hata katika Seneti ya Marekani mwaka wa 1993. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikapata bodi ya kupanga michezo kwa umri. Mwanangu aliuazima kwa rafiki. Niliuzima kabla ya pigano la pili kwisha.

Mzazi, tazama jalada kabla ya kununua au kukubali cha kuazima. Michezo iliyotayarishwa kwa soko la Ulaya huwa na namba 3, 7, 12, 16 au 18. Namba hiyo ni umri unaofaa. Haielezi ugumu wa mchezo, kama nilivyodhani.

Wa nne ulinishangaza. Stardew Valley, wa mwaka wa 2016, ulitengenezwa na mtu mmoja tu, Eric Barone, kwa miaka ipatayo minne na nusu. Unarithi shamba la babu, unalima, unamwagilia maji na kuuza mazao. Mahindi hukomaa kwa siku 14 za mchezo. Nilimwambia mwanangu kuwa kule Kitale mkulima hungoja miezi sita au zaidi, na mvua hainyeshi kwa kubonyeza kitufe. Kwa mara ya kwanza aliniuliza tutaenda lini mashambani.

Ila uwe macho. Mkulima wa mchezo asipolala ifikapo saa nane usiku huzimia. Mwanangu alihakikisha mkulima wake analala mapema kila siku, huku yeye mwenyewe akikesha!

Je, tulifikia uamuzi gani? Mashine haikuuzwa. Ule mchezo wa vito uliondolewa kwenye simu, nikabadilisha namba ya siri, na kijana analipa deni kwa kukatwa pesa zake za matumizi. Bado anadaiwa shilingi 1,900.

Nimebaki na maswali mawili ambayo sasa huuliza kila mchezo unapoingia nyumbani. Unaisha lini? Na unaomba nini? Usio na mwisho hula usiku wa mtoto. Unaobadilisha shilingi kuwa vito, sarafu au nyota humsahaulisha kwamba anatumia jasho la mtu.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, kabla ya kubonyeza “nunua”, geuza vito hivyo viwe shilingi, kisha uhesabu ni mikate mingapi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Afadhali mtoto acheze mbele ya macho yako, nawe mara moja moja ukishika kile kidude cha vitufe, hata kama atakufunga mabao saba kama alivyonifunga mimi.