Kwa nini magari ya utafiti huenda mwendo wa kobe katika Mirihi

Gari la utafiti la Perseverance, mali ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitua katika sayari ya Mirihi mwezi Februari mwaka 2021. Lina magurudumu sita na uzito wa zaidi ya tani moja. Hata hivyo, mwendo wake wa juu kabisa ni takriban mita 150 kwa saa, umbali ambao mtu mzima huumaliza kwa miguu katika muda wa dakika mbili.

Mwendo huo hautokani na unyonge wa mitambo. Unatokana na umbali uliopo baina ya gari na waongozaji wake, na pia na ukweli kwamba likikwama huko hakuna fundi awezaye kulifikia.

Dereva aliye mbali

Katika mwezi hali ni nafuu zaidi, kwa kuwa mawimbi ya redio hufika huko kwa muda unaozidi kidogo sekunde moja. Ndiyo maana mwaka 1970 Umoja wa Kisovieti uliweza kuliongoza gari la Lunokhod 1 juu ya mwezi kutoka kituo kilichokuwa Crimea. Waongozaji walitazama picha zilizowafikia moja baada ya nyingine, na gari lao likasafiri takriban kilomita 10. Lilikuwa la kwanza kuendeshwa kutoka duniani juu ya ardhi isiyo ya dunia.

Wamarekani walioshuka mwezini kuanzia mwaka 1971 na gari la betri walikuwa na faida kubwa zaidi: waliliendesha wenyewe. Desemba 1972, bamba linalokinga vumbi la gurudumu moja lilipovunjika, wanaanga wa Apollo 17 waliunganisha ramani zao kwa utepe wa gundi, wakatengeneza bamba jingine na kuendelea na safari.

Mirihi hairuhusu hayo. Kwa kutegemea mahali sayari hizo mbili zilipo, ujumbe kutoka duniani huchukua kati ya dakika tatu na zaidi ya dakika ishirini kufika, na jibu huchukua muda uleule kurudi. Dereva angeliona shimo katika picha wakati gari limekwisha kutumbukia. Kwa hiyo wahandisi hutazama picha zilizokwisha kufika, hupanga safari ya siku nzima, kisha hutuma maagizo kwa pamoja. Gari huyatekeleza peke yake, na taarifa zake hurudi kupitia vyombo vinavyoizunguka sayari hiyo.

Funzo la Spirit

Hatari ya kazi hiyo ilidhihirika kwa gari la Spirit, ambalo pamoja na pacha wake, Opportunity, lilitua Januari 2004 kwa kazi iliyokadiriwa kuchukua siku 90 za Mirihi. Mwaka 2006 gurudumu lake la mbele la kulia liliacha kuzunguka. Wahandisi wakaliendesha kinyumenyume, gurudumu bovu likiburutwa. Mwaka uliofuata, mtaro uliochimbwa na gurudumu hilo ulifichua udongo mweupe wenye silika nyingi, ambao wanasayansi waliuchukulia kuwa ushahidi wa maji ya moto au mvuke wa zama za kale.

Mwaka 2009 Spirit lilipita mahali palipoonekana imara, kumbe chini ya tabaka jembamba palikuwa na mchanga laini. Magurudumu yakazama. Duniani, wahandisi walijaribu kila mbinu kwa kutumia gari la mfano kwenye mchanga, lakini Januari 2010 NASA ilitangaza kuwa gari hilo halitatembea tena. Kwa kuwa halikuweza kuinamisha mabamba yake ya sola kuelekea jua, majira ya baridi yalilikuta bila umeme wa kutosha. Lilisikika kwa mara ya mwisho Machi 2010.

Opportunity liliendelea hadi Juni 2018, likiwa limesafiri zaidi ya kilomita 45, umbali ambao hakuna gari lililokuwa limeufikia nje ya dunia kabla yake. Dhoruba kubwa ya vumbi iliziba mwanga wa jua, nalo likanyamaza. Februari 2019 NASA ilitangaza mwisho wa kazi yake.

Gari linalojiongoza

Muundo wa magari yaliyofuata umebadilika. Curiosity, lililotua mwaka 2012, halitegemei jua, bali hupata umeme kutokana na joto la plutonia. Lakini mawe makali yaliyatoboa magurudumu yake ya alumini, na waongozaji wakalazimika kutafuta njia zenye ardhi laini zaidi. Perseverance likapewa magurudumu yenye unene zaidi.

Badiliko kubwa zaidi limo katika kompyuta zake. Perseverance hupiga picha za njia, hupima mawe na mashimo, na kuamua pa kupita huku likiendelea kutembea. Magari yaliyotangulia yalilazimika kusimama mara kwa mara ili kukokotoa hatua inayofuata. Kwa njia hiyo gari linaweza kusafiri mamia ya mita kwa siku bila kusubiri neno kutoka duniani.

Hata hivyo tahadhari haijaondolewa, kwa kuwa mzigo ni wa thamani. Perseverance limekusanya vipande vya miamba kutoka bonde la Jezero, mahali palipokuwa na ziwa mabilioni ya miaka iliyopita, kwa matumaini kwamba siku moja vitachunguzwa katika maabara za duniani ili kutafuta dalili za uhai wa kale. Vingine vimeachwa ardhini kama akiba, na vilivyobaki vimo ndani ya gari lenyewe. Iwapo litazama mchangani kama Spirit, vipande hivyo vitakwama pamoja nalo.