Picha ya bethidei ilivyomfichulia mama saratani ya jicho la mwanawe

Dar es Salaam. Tuko sita na hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kupiga picha. Yupo mwalimu wa sekondari, fundi wa friji, mhasibu, wanafunzi wawili wa chuo na mimi, mwandishi wa habari za afya. Mmoja ana kamera ya mtumba aliyoinunua Kariakoo, wengine tunatumia simu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana Coco Beach. Kila mtu anakuja na picha moja, anaionyesha, kisha anaeleza ilivyopatikana.

Mara ya mwisho fundi alileta ngalawa za Kunduchi alfajiri. Alikuwa amekwenda kudai hela yake ya kazi, mdaiwa akapanda ngalawa na kuondoka, naye akabaki ufukweni ameshika simu. Tulicheka sana. Mwanafunzi mmoja alikuwa na mikono ya bibi yake akipeta mchele kule Kyela. Bibi alifariki wiki mbili baadaye, na katika picha hiyo ya mwisho uso wake haumo.

Kisha ikaja zamu ya mhasibu.

Yake ilikuwa picha ya bethidei ya mwanawe aliyekuwa ametimiza miaka miwili. Keki ya buluu, maputo, shangazi mtu amekatwa nusu. Kama picha, haikuwa na lolote. Akatuambia tutazame macho ya mtoto. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa nyekundu, kama flashi inavyofanya mara nyingi. Ya kushoto ilikuwa nyeupe, inang'aa kama jicho la paka gizani.

Usiku ule hakuna aliyejali, walidhani ni mwanga wa mishumaa. Siku chache baadaye akapiga nyingine, jicho lile lile. Mama mkwe akasema ni macho ya ukoo wao. Kituo cha kwanza alichokwenda walimpa dawa ya matone na kumwambia arudi nyumbani, naye akatulia mwezi mzima. Weupe ulipozidi, aliingia hospitali kubwa na kumwonyesha daktari simu kabla hata ya kukaa. Baada ya vipimo aliambiwa ni retinoblastoma, saratani inayoanzia nyuma ya jicho, kwenye retina. Jicho lilitolewa ili kuokoa maisha ya mtoto.

Nimeandika habari za afya kwa miaka minne na nilikuwa sijui kwamba picha ya simu inaweza kuonyesha jambo kama hili. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma.

Mwanga wa flashi hupita kwenye mboni, hugonga retina yenye mishipa mingi ya damu, kisha hurudi ukiwa mwekundu. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi rangi hiyo inaweza kuelekea chungwa au kahawia. Kikiwapo kitu kinachozuia njia, kama uvimbe au mtoto wa jicho, mwanga hurudi mweupe au wa njano. Retinoblastoma huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na dalili yake nyingine kubwa ni makengeza. Ni ugonjwa wa nadra, na ukiwahiwa watoto wengi hupona.

Huko Marekani, mkemia Bryan Shaw wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, alipatwa na mkasa kama huo. Baada ya mwanawe kukutwa na saratani hii, alirudia maelfu ya picha za familia na kukuta weupe ulianza kuonekana mtoto akiwa na siku 12 tu. Yeye na wenzake walitengeneza programu ya simu inayokagua picha. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019 waliipitisha kwenye picha zaidi ya 50,000 za watoto 40, nusu yao wakiwa na magonjwa ya macho. Kwa watoto 16 kati ya hao 20 wagonjwa, weupe ulikuwamo kwenye picha za nyumbani kwa wastani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ugonjwa kugunduliwa.

Mhasibu wetu naye alirudi nyuma kwenye simu yake. Weupe ulikuwamo tangu Pasaka, miezi minane kabla ya ile keki. Hapo sauti ilimkwama, na fundi, ambaye huwa hanyamazi, akaangalia baharini.

Mzazi usikimbilie kuogopa ukiona weupe mara moja. Mtoto akitazama pembeni kidogo, flashi inaweza kugonga mahali mshipa wa fahamu unapoingilia jicho na kurudi nyeupe bila ugonjwa wowote. Piga picha kadhaa katika chumba chenye mwanga hafifu, flashi ikiwa imewashwa, mtoto akitazama kamera moja kwa moja. Zima ile sehemu ya simu inayoondoa wekundu wa macho. Na zile programu za kurembesha sura, binafsi sizipendi, lakini hapa zina madhara kabisa kwa sababu zinafuta kile unachotafuta. Weupe ukijirudia, au ukiona makengeza, mpeleke mtoto kwa daktari wa macho pamoja na hizo picha. Muhimbili, CCBRT na KCMC wana huduma za macho kwa watoto. Ukiambiwa ni kawaida bila mboni kumulikwa, omba rufaa. Picha safi nayo si cheti, maana uvimbe mdogo unaweza usionekane.

Kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kurithiwa, dada yake mtoto naye alipimwa. Yuko salama.

Jumamosi ile mtoto mwenyewe alikuwepo, sasa ana miaka minne na jicho la bandia ambalo sikulitambua mpaka nilipoambiwa. Aliomba simu ya mama yake atupige picha. Tumo wote sita, vichwa vimekatwa, na kidole chake kimeziba kona nzima ya juu.