Fahamu Jinsi Baridi Inavyotibu Maumivu ya Mishipa ya Fahamu na Kukaza kwa Misuli

Wakazi wa Lushoto, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, wanaifahamu vyema baridi ya miezi ya Juni na Julai. Kwa mkulima anayepanda mteremko akiwa na mzigo wa kabichi au viazi, baridi hiyo huongeza kukakamaa kwa mgongo na miguu, kwa kuwa mwili mzima unapopoa misuli hujikaza ili kuzalisha joto. Hata hivyo, baridi inayowekwa kwa kipimo katika sehemu moja ya mwili ni tiba.

Barafu inapowekwa juu ya msuli uliojeruhiwa, mishipa ya damu husinyaa na uvimbe hupungua. Mishipa ya fahamu nayo hupeleka taarifa za maumivu polepole zaidi, na msuli uliokaza hulegea kwa muda. Barafu hufungwa katika kitambaa na kuwekwa kwa dakika 10 hadi 20, kisha huondolewa. Kuiweka moja kwa moja juu ya ngozi kunaweza kuiunguza. Kwa ukakamavu wa muda mrefu, mara nyingi joto hufaa zaidi.

Maumivu sugu ya mishipa ya fahamu huweza kuhitaji baridi kali zaidi. Mtaalamu huingiza kifaa chembamba mfano wa sindano hadi karibu na mshipa husika, na gesi iliyomo ndani ya kifaa hicho hugandisha sehemu ndogo ya mshipa huo. Nyuzi zinazopeleka maumivu huharibika, lakini ala inayozishikilia hubaki, hivyo nyuzi huota tena taratibu, takriban milimita 1 hadi 2 kwa siku. Kwa sababu hiyo nafuu hudumu kwa wiki au miezi kadhaa, si milele. Njia hii ilielezwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1976.

Nchini Tanzania, baridi kali inafahamika zaidi kwa matumizi mengine. Tiba mgando imetumika kuondoa mabadiliko ya awali ya saratani ya mlango wa kizazi. Aidha, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, imetumika kutibu madoa ya ngozi yanayoweza kugeuka saratani kwa watu wenye ualbino. Baridi ya kiwango hicho huua chembe hai, hivyo si ya kujaribiwa nyumbani.

Hata barafu ya kawaida ina masharti. Mwenye kisukari au ukoma aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuumizwa na barafu bila kujua. Vilevile haifai kuwekwa kwenye kidonda au mahali penye mzunguko hafifu wa damu.

Zaidi ya yote, baridi hutuliza maumivu bila kuondoa chanzo chake. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo. Kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu, na kwa familia inayotegemea shamba la mlimani, miguu hiyo ndiyo riziki yake.